Padre Aliyetanguliza Lugha ya Nyumbani

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika nyumba ya matajiri, akapata upadre mwaka 1678. Kazi ya shule hakuitamani. Lakini siku zile mtoto wa fundi alianza kusoma kwa kitabu cha Kilatini, lugha asiyoisikia nyumbani; alitamka silabi asielewe neno, na kabla hajafikia Kifaransa wazazi walikwisha kumtoa ili awasaidie kazi.

Padre huyu akageuza utaratibu: Kifaransa kwanza, Kilatini baadaye. Tena hakumwita mwanafunzi mmoja mmoja huku wenzake wakisinzia (nani hajaliona darasa la namna hiyo?), bali aliwapanga kwa kadiri ya ujuzi wao, akawafundisha pamoja.

Askofu wa Chartres, rafiki yake, alitaka Kilatini kitangulie. De La Salle akamjibu kwa hoja za darasani: mtoto wa maskini hukaa shuleni muda mfupi, na asipoisoma lugha aielewayo huondoka mikono mitupu, bali akiisha kuisoma yake, Kilatini hakimshindi. Askofu akakubali.

Alifariki Rouen tarehe 7 Aprili 1719. Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 alimtangaza msimamizi wa walimu.