Lagrange: Mwana wa mfilisika aliyeeleza mwendo bila mchoro

MAGARI ya miraa yanapotoka Laare, kaunti ya Meru, yakikimbilia soko la Nairobi, kila kona ina hesabu yake ya mwendo, ambayo dereva huikata kwa mazoea. Kijana wa mji huo anayejiunga na chuo kikuu kusomea fizikia hukutana na hesabu iyo hiyo katika somo la mekanika changanuzi. Humo hakwepi jina la Joseph-Louis Lagrange.

Lagrange alizaliwa Januari 25, 1736, mjini Turin, ambao sasa umo nchini Italia. Alikuwa kifungua mimba miongoni mwa watoto 11, na ni wawili tu waliofikia utu uzima. Babake, mweka hazina serikalini, alipoteza mali katika biashara za kubahatisha. Pigo la aina hiyo si geni Laare, ambako wakulima walipoteza soko Uingereza ilipopiga marufuku miraa mnamo Juni 2014. Baadaye Lagrange alikiri kuwa lau angerithi utajiri, huenda asingeshughulika na hisabati.

Babake alitaka awe wakili. Makala ya mwanafalaki Edmond Halley ndiyo iliyomgeuza. Alijisomea mwenyewe, na mnamo 1755, akiwa na miaka 19, akamwandikia Leonhard Euler, mwanahisabati mkuu wa enzi hiyo, akimweleza mbinu mpya iliyomstaajabisha gwiji huyo. Mwaka huo huo aliteuliwa kufundisha katika chuo cha kijeshi cha Turin.

Mnamo 1766 alihamia Berlin kushika nafasi ya Euler, akadumu huko miaka 20. Mkewe, Vittoria, alifariki mnamo 1783. Mfalme Frederick II, aliyemwalika, alipofariki mnamo 1786, Lagrange alielekea Paris, na huko kitabu chake, Mécanique analytique, kikachapishwa mnamo 1788.

Kabla yake, aliyetaka kueleza mwendo alichora kila kani na mwelekeo wake. Lagrange aliachana na michoro. Chukua mtoto kwenye bembea: pembe moja tu yatosha kueleza alipo. Toa nishati itokanayo na mahali alipo kutoka kwa nishati ya mwendo wake, na kwa kanuni moja utapata mlinganyo wa safari yake yote, bila kuhesabu mvuto wa kamba. Kitabu kizima hakikuwa na mchoro hata mmoja, na mwandishi alijivunia jambo hilo.

Hata hivyo, inasimuliwa kuwa nakala yake ilikaa mezani miaka miwili bila kufunguliwa. Majonzi yalikuwa yamemzima ari.

Mapinduzi ya Ufaransa yalimzindua. Mnamo 1793, raia wa mataifa adui walipoamriwa kukamatwa, mwanakemia Antoine Lavoisier alimtetea akasazwa. Mwaka uliofuata, Lavoisier mwenyewe alikatwa kichwa. Lagrange alisaidia kuunda mfumo wa mita na kilo, akafundisha katika École Polytechnique, na kuaga dunia Aprili 10, 1813. Alizikwa Panthéon, Paris.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, huzunguka mojawapo ya sehemu za angani zinazoitwa kwa jina lake, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani.

Mwanafunzi wa Laare anayekifunga kitabu hiki kwa kukata tamaa na akumbuke kwamba hata aliyekiandika aliwahi kushindwa kukifungua, kisha akainuka.