Sailor Jerry: Msee Aliyefanya Tatuu Zipone Fiti na Rangi Zikae

Kama uko na tatuu, ama unapiga hesabu ya kuchorwa, huyu msee lazima umjue. Jina lake halisi ni Norman Collins, alizaliwa 1911 Marekani. Akiwa bado kijana alitoka home, akawa anadandia treni za mizigo, na akafunzwa kuchora kwa mkono: sindano na wino, nukta moja moja. Mashine alionyeshwa Chicago na Tatts Thomas.

Baada ya kuingia jeshi la wanamaji, alitulia Honolulu, huko Hawaii, akichora mabaharia. Enzi hizo mambo ilikuwa noma. Sindano moja ingepita kwa watu kibao, na kidonda kikioza ni shauri yako. Jerry alikataa hiyo story. Alikuwa kati ya wachoraji wa kwanza kutumia sindano mpya kwa kila mteja na kuua viini kwa mvuke wa presha.

Pia alipanga sindano zake upya ili rangi iingie bila kurarua ngozi. Mbona ni muhimu? Ngozi ikiraruka inatoa kigaga kizito, na kikibanduka kinabeba rangi. Wino ukibaki juu sana unapotea. Ukizama sana unasambaa, mistari inakuwa ukungu.

Rangi nazo zilikuwa chache, so akatafuta zake, hata zambarau.

Alidedi 1973. Wewe ukienda kuchorwa, hakikisha sindano inafunguliwa ukiona. Bei ya chini isikupofushe, hiyo ngozi ni yako maisha yote.