Robert Boyle na Hewa Iliyobanwa

Robert Boyle alizaliwa Lismore, Ireland, mwaka 1627. Padri Franciscus Linus alipodai kwamba zebaki ya kipimahewa hushikiliwa na uzi usioonekana, wala si kwa nguvu ya hewa, Boyle hakutosheka na mabishano. Alitwaa neli ya kioo iliyopindwa, mguu wake mfupi ukiwa umezibwa, akamimina zebaki katika mguu mrefu. Zebaki ilipozidi upande huo kwa inchi 29 hivi, hewa iliyonaswa ilibaki nusu: kanieneo mara mbili, ujazo nusu, joto likiwa lile lile. Vipimo vyote alivichapisha katika jedwali mwaka 1662. Mwalimu na aanzie hapo, si kwenye kanuni. Bomba la sindano lililozibwa mdomo latosha darasani. Boyle alifariki London mwaka 1691.