Mohamed Amin: Mpiga picha aliyepoteza mkono wa lenzi

GHALA la silaha lilipokuwa likiteketea jijini Addis Ababa mnamo Juni 4, 1991, siku chache baada ya majeshi ya waasi kuutwaa mji huo, Mohamed Amin alikuwa hapo karibu na kamera yake. Mlipuko mkubwa ulimuua fundi wake wa sauti, John Mathai, na kumnyang'anya Amin mkono wa kushoto.

Kwa mtu wa kazi nyingine, heri kupoteza wa kushoto kuliko wa kulia. Kwa mpiga picha mambo ni tofauti. Anayebeba kamera ya televisheni begani huitegemeza kwa mkono wa kulia, vidole vikiwa kwenye swichi ya kuivuta picha karibu au kuirudisha mbali. Wa kushoto ndio unaozungusha pete za lenzi: moja ya kuifanya picha iwe wazi, nyingine ya kupanua au kubana tundu la mwanga. Hata katika kamera ndogo ya picha za kawaida, mkono wa kulia hufyatua tu. Wa kushoto huishika lenzi, huirekebisha na kuibadilisha. Akiwa na umri wa miaka 47, Amin alikuwa amepoteza mkono wa lenzi.

Alizaliwa Nairobi mnamo Agosti 29, 1943, katika familia yenye asili ya Punjab, akakulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie kuukuu aliyoinunua angali mvulana. Kijisanduku hicho kilikuwa na lenzi moja isiyotoka wala kubadilishwa. Aliyetaka kitu kionekane kikubwa zaidi hakuwa na pete ya kuzungusha; alilazimika kupiga hatua. Mazoea hayo ya kutumia miguu badala ya vidole hayakumtoka maishani.

Mnamo 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa walioripoti Mapinduzi ya Zanzibar. Kazi yake visiwani ilimponza: mnamo 1966 alizuiliwa huko, kisha akahamishia shughuli zake Nairobi. Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 5, 1969, katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Amin aliwahi kufika, na filamu yake ya mkasa huo ilimpatia tuzo nchini Uingereza.

Lakini jina lake limefungamana na Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984. Ripoti aliyoipiga picha, ikasomwa na Michael Buerk wa BBC, ilirushwa Oktoba 23 na baadaye ikaonyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Kutokana nayo zilizaliwa harakati za wanamuziki, likiwemo tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985.

Nguvu ya picha zile inaeleweka vyema na anayejua lenzi. Uwanda uliojaa maelfu ya watu kwenye baridi ya alfajiri unahitaji jicho pana, la sivyo mtazamaji hawezi kujua ukubwa wa janga. Uso wa mtoto unahitaji ukaribu, la sivyo maelfu wale hubaki umati usio na majina. Amin alikwenda kwa walioketi chini, akawapiga picha usoni mwao, wao nao wakiiona kamera.

Yapo maswali ambayo ufundi wake hauyajibu. Februari ya mwaka huohuo wa 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na mji wa Wajir, wanaume waliokusanywa na vikosi vya usalama vya Kenya waliuawa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ilikadiria idadi yao kuwa karibu 1,000. Wagalla haikupata picha ya televisheni ya kuushtua ulimwengu. Miezi minane baadaye Korem iliipata.

Anayekwenda leo kuripoti ukame kwenye barabara ya kutoka Wajir kupitia Tarbaj na Kutulo hadi Elwak hubeba kamera nyepesi isiyo na kioo ndani, pengine na lenzi mbili mfukoni. Mizani ni ileile. Lenzi ya milimita 200 humwezesha kusimama mbali, lakini adhuhuri ya huko hewa yenye joto huitetemesha picha, na mzoga wa ng'ombe huonekana kana kwamba umegusana na boma lililo mbali nao. Ya milimita 28 huonyesha mahali palivyo, ila humtaka amkaribie mwenyeji, amwamkie na apate ridhaa yake. Na atakayebadilisha lenzi katika upepo wa eneo hilo atarudi na vumbi ndani ya kamera.

Hali ya Amin baada ya 1991 iliigeuza mizani hiyo kuwa jambo la mwili. Aliwekewa mkono wa bandia unaotumia umeme na katika muda wa miezi akarudi kazini. Mkono wa aina hiyo hushika, lakini hauhisi ulaini wa pete inayozunguka. Lenzi ndefu hudai vidole vyepesi, kwani ikikosewa kidogo tu picha hufifia. Lenzi pana humsamehe mtu, mradi awe tayari kusogea. Kwa hesabu hiyo, jeraha lake lilimsukuma palepale alipozoea kusimama: karibu.

Mnamo Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi, pamoja na mwandishi Brian Tetley waliyeshirikiana naye kwa miaka mingi. Watu watatu waliiteka na kumtaka rubani aelekee Australia, ingawa mafuta hayakutosha. Walionusurika walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji. Mafuta yalipokwisha, ndege ilianguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Kuanguka kwa ndege hiyo kulinaswa na mtalii aliyekuwa ufuoni na kamera ndogo ya video ya mkononi, na picha zake zikaonyeshwa na televisheni za dunia nzima.