Cauchy, mzee wa kujua pa kusimama

Uko Mutomo na laptopu, unatafuta pa kuweka tangi la maji ili watu watembee kidogo iwezekanavyo. Programu inazunguka tu, betri inaisha, umbali unapungua kwa sentimita. Isimame lini? Hapo unamhitaji Augustin-Louis Cauchy.

Jamaa alizaliwa Paris 1789, wiki chache baada ya Bastille kuanguka. Alianza kama injinia bandarini Cherbourg, kisha hesabu ikamchukua. Mwaka wa 1821 aliwaambia wanahesabu wasiuamini mfululizo wa namba mpaka wathibitishe kwamba kweli unatulia. Mkaidi huyo! Mwaka wa 1830 alikataa kumwapia mfalme mpya, akapoteza kazi, akaishia Turin na Prague.

Mwaka wa 1847, akiwaza mizunguko ya sayari, akaleta mbinu: tafuta mteremko mkali zaidi, shuka hatua moja, rudia. Cha kushangaza, yeye aliyewabana wenzake hakuthibitisha kwamba mbinu yake itafika. Aliieleza kwa kifupi tu. Alifariki 1857.

Swali sasa ni lako. SciPy ina kipimo chake cha kusimama, lakini unaweza kuipa kolibaki, yaani fankisheni yako ndogo ambayo inaitwa kila baada ya hatua. Umbali ukipungua chini ya mita moja kwa hatua 5 mfululizo, kolibaki inarusha StopIteration na kazi inakatika, jibu unalo. Mwenye mtungi mgongoni hataisikia hiyo mita. Ila usipime hatua moja pekee: kwenye bonde jembamba hatua huwa fupi hata ukiwa bado mbali na chini.