Usuli wa Mwandishi: Maisha ya Octavia Butler (1947–2006)

Utangulizi

Mwanafunzi, katika karatasi ya fasihi watahiniwa wengi hupoteza alama kwa sababu moja: husimulia hadithi badala ya kujibu swali. Ukiulizwa kwa nini mwandishi amemchora mhusika fulani jinsi alivyomchora, usinisimulie jinsi mhusika huyo alivyoolewa na alivyofariki. Jiulize mwandishi mwenyewe ni nani, aliona nini, na ni jambo gani lililomkera hata akashika kalamu. Ndiyo maana tunasoma hapa maisha ya mwandishi ambaye hayumo katika vitabu teule vyako. Hutaulizwa swali lolote juu yake katika mtihani. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha waziwazi jinsi usuli unavyozaa dhamira, na ukishaliona hilo kwake, utaliona pia katika vitabu vyako.

Kuzaliwa na malezi

Octavia Estelle Butler alizaliwa tarehe 22 Juni 1947 mjini Pasadena, jimbo la California, Marekani. Baba yake alikuwa mng'arisha viatu, na alifariki Octavia angali mtoto mdogo. Alilelewa na mama yake akisaidiwa na nyanya yake, watu wa kanisa la Kibaptisti waliofuata dini yao kikamilifu. Nyanya alikuwa amefanya kazi katika shamba la miwa huko Louisiana. Mama naye alitolewa shuleni mapema ili akafanye kazi, na maisha yake mengi aliyamaliza akiwa mtumishi katika nyumba za Wazungu.

Shika jambo linalofuata, kwa maana ndilo kiini cha yote. Octavia mdogo aliandamana na mama yake kazini mara kwa mara. Aliona mama akiingia kwa mlango wa nyuma. Alisikia waajiri wakimsema vibaya mbele yake kana kwamba hana masikio. Mama alinyamaza, akaendelea kusugua sakafu. Mtoto alikasirika, lakini hasira yake haikuwaelekea waajiri peke yao. Alimwonea aibu mama yake kwa kukubali kudharauliwa.

Mama huyo huyo ndiye aliyemletea vitabu vilivyotupwa na matajiri wake, vingine vikiwa vimechanika au kuandikwaandikwa. Octavia alisoma vyote. Shuleni alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya nyingi, tena alitatizwa na disleksia, hali inayomfanya mtu atambue herufi kwa shida. Wenzake walimdhihaki. Akakimbilia maktaba ya umma ya Pasadena, akaifanya kuwa nyumba yake ya pili. Alipofika miaka kumi alimsihi mama amnunulie taipureta. Pesa zilikuwa haba, lakini mama alinunua.

Filamu iliyomtia kalamu mkononi

Akiwa na miaka 12, Octavia alitazama kwenye televisheni filamu ya Uingereza ya mwaka 1954 iitwayo Devil Girl from Mars. Ni filamu ya kutisha ya gharama ndogo: mwanamke aliyevaa mavazi meusi anatua Uskoti kwa chombo cha angani, akija kutafuta wanaume wa kuwapeleka sayari ya Mirihi. Octavia aliiona kuwa hafifu mno. Mawazo mawili yalimjia. Kwanza, yeye angeweza kutunga hadithi bora kuliko ile. Pili, kuna mtu aliyelipwa kwa kuitunga. Akazima televisheni, akaanza kuandika.

Zingatia funzo lililopo. Wengi hudhani kwamba mwandishi huchochewa na kazi bora peke yake. Octavia alichochewa na kazi mbovu, kwa sababu aliitazama kwa jicho la uhakiki: aliuliza kasoro iko wapi na ingerekebishwaje. Nawe ukisoma insha ya mwenzako, au insha yako ya mwaka jana, ifanyie vivyo hivyo.

Vikwazo

Shangazi yake, aliyempenda, alimweleza kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mwandishi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa hajamwona hata mmoja. Octavia naye hakuwa amesoma kitabu alichojua kimeandikwa na mtu mweusi. Baadaye mama alitoa pesa zilizozidi kodi ya nyumba ya mwezi mzima kumlipa wakala aliyedai kuwa angeisoma kazi ya bintiye. Pesa zikaliwa, wala hapakupatikana chochote.

Alimaliza shule ya upili mwaka 1965, akajiunga na Pasadena City College, akisoma na kufanya kazi. Mwaka 1970 alihudhuria warsha ya waandishi ya Clarion huko Pennsylvania, akauza hadithi zake mbili za kwanza. Alidhani mlango umefunguka. Badala yake, miaka mitano ikapita bila kuuza hata neno moja. Aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua krispi za viazi kiwandani. Aliamka saa nane usiku kuandika, kisha akaenda kibaruani. Katika daftari zake alijiandikia ahadi na maagizo ya kujipa moyo. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilichapishwa mwaka 1976.

Riwaya ya Kindred na historia ya wanawake weusi

Chuoni, katika miaka ya harakati za watu weusi, Octavia alimsikia kijana mmoja akiwalaumu wazee wao kwa kuvumilia unyonge muda mrefu. Kijana huyo alisema angependa kuwaangamiza wote waliowarudisha nyuma, ila ingembidi aanze na wazazi wake. Octavia alishtuka, kwa sababu alijisikia mwenyewe akiwa mtoto. Wakati huu, hata hivyo, alikuwa amekomaa kiasi cha kuuliza swali ambalo mtoto hakuuliza: kama mama angerusha ufagio na kuondoka, wao wangekula nini? Alitambua kwamba kunyamaza kwa mama hakukuwa woga. Kulikuwa ndiko chakula chake, kitabu chake na taipureta yake.

Jibu lake kwa yule kijana ni riwaya ya Kindred (1979). Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, anavutwa ghafla na nguvu asiyoielewa hadi Maryland ya mapema karne ya 19, wakati wa utumwa. Kila mara anaitwa kumwokoa Rufus, mwana wa mwenye watumwa. Rufus ni mmoja wa mababu wa Dana. Asipomwokoa, ukoo wake hautakuwepo. Akimwokoa, anamhifadhi mtu atakayemtesa Alice, mwanamke mweusi ambaye pia ni bibi wa ukoo huo. Dana anafikiri kwamba elimu yake ya kisasa itamkinga. Anagundua upesi jinsi kiboko kinavyomfundisha mtu kutii. Anamwona Sarah, mpishi ambaye watoto wake wameuzwa isipokuwa mmoja, naye anavumilia kwa ajili ya huyo aliyebaki. Dana anarudi nyumbani akiwa amepoteza mkono.

Ili kuandika hayo, Octavia alisafiri kwa basi hadi Maryland kuona mahali penyewe. Alizuru pia Mount Vernon, nyumba ya George Washington, akakuta waelekezi wakiwaita watumwa watumishi. Kwanza alikusudia mhusika mkuu awe mwanamume, lakini akaona kwamba mwanamume mweusi mwenye mwenendo wa kisasa angeuawa kabla hadithi haijasonga. Wachapishaji kadhaa waliikataa riwaya hiyo kwa kutojua waiweke katika kundi gani.

Unaona sasa kwamba hofu iliyomo Kindred haitokani na jini wala mgeni wa Mirihi. Inatokana na historia.

Mafanikio na kifo

Mwaka 1980 alitoa Wild Seed, inayoanzia Afrika Magharibi na kumfuata Anyanwu, mwanamke wa Kiigbo mwenye uwezo wa kubadili umbo. Hadithi fupi ya Bloodchild ilishinda tuzo za Hugo na Nebula. Mwaka 1995 alipata tuzo ya MacArthur ya dola 295,000, mwandishi wa kwanza wa bunilizi ya kisayansi kuipata. Mama yake alifariki mwaka 1996, akiwa ameyaona hayo. Riwaya ya mwisho, Fledgling (2005), inamhusu mnyonya damu mwenye ngozi nyeusi. Hivyo alirejea katika hadithi za kutisha, safari hii akiziandika kwa masharti yake.

Octavia alianguka nje ya nyumba yake karibu na Seattle na kufariki tarehe 24 Februari 2006, akiwa na miaka 58. Daftari zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Huntington, California, si mbali na Pasadena. Mwaka 2021 shirika la NASA lilipatia jina lake mahali chombo chake kilipotua kwenye sayari ya Mirihi.

Hoja za kukumbuka

(a) Usuli si orodha ya tarehe. Chagua tukio linaloeleza dhamira. Kwa Octavia, tukio hilo ni mlango wa nyuma.
(b) Mhusika anayenyamaza si lazima awe dhaifu. Kabla ya kumwita mwoga, tazama anamlinda nani.
(c) Mwandishi hubadilika. Aibu ya mtoto iligeuka kuwa heshima ya mtu mzima, na badiliko hilo ndilo lililozaa riwaya.

Zoezi

1. Eleza jinsi malezi ya Octavia Butler yalivyochangia dhamira ya Kindred. (alama 6)
2. Taja mambo manne yanayodhihirisha ustahimilivu wa mwandishi huyu. (alama 4)
3. Mteue mhusika mmoja wa kike katika kitabu chako teule ambaye wanafunzi humlaumu kwa unyonge. Mtetee kwa hoja tano. (alama 10)

Kabla ya kujibu swali la tatu, mfikirie mtu mmoja nyumbani kwenu aliyenyamaza mahali fulani ili wewe ufike kidato cha nne. Usimwandike katika karatasi ya mtihani, lakini usimsahau unapoandika.