Maisha ya Dr. Semmelweis

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria. Alisomea udaktari, na mwaka 1846 akapata kazi katika hospitali kubwa ya Vienna, upande wa akina mama wazazi. Huko palikuwa na sehemu mbili: moja ya wakunga, nyingine ya madaktari na wanafunzi wao. Ajabu ni kwamba kwa madaktari homa ya uzazi iliua zaidi kuliko kwa wakunga, hata wanawake wengine walilia wasipelekwe huko.

Mwaka 1847 rafiki yake, Dr. Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wazazi. Hapo Semmelweis akatambua. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha, na sabuni peke yake haikutosha! Akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikufa wazazi 18 katika kila 100. Juni, wawili tu.

Lakini wakubwa wengi walikasirika. Nani apendaye kuambiwa kwamba mikono yake ndiyo iliyoua? Naye, kwa kweli, alikuwa mkali wa maneno, na kitabu chake hakukitoa mpaka mwaka 1861. Alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa kidonda kilichoingia sumu, akiwa na miaka 47. Mwaka 1879 Pasteur wa Ufaransa alivionyesha vijidudu vya homa ile.